Uzi wa Kiunoni

Mama mkwe wangu hakuiamini mizani. Zahanati ya kule tulikotoka ilikuwa na mizani ya kuning'iniza watoto, na kila alipoiona alisema mtoto si nyama ya kupimwa buchani. Yeye alipima kwa uzi. Mtoto akitimiza siku arobaini, alisokota uzi mweusi wa pamba, akamfunga kiunoni, akaacha nafasi ya kidole kimoja kupita. Uzi ukibana, mtoto amekua. Unakatwa, unafungwa mwingine mrefu zaidi. Uzi ukilegea na kuteremka nyongani, nyumba nzima ianze kujiuliza maswali. Kwa uzi huo alilea watoto sita na kuzika wawili, na hao wawili, alisema, uzi ulimwambia mapema.

Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo nilimcheka. Nilimcheka moyoni, maana mkwe hachekwi usoni. Lakini mwaka ule ninaousimulia, nilikuwa nautazama ule uzi kila asubuhi kabla yake, na nilikuwa namwomba Mungu ubane.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, upande wa Kisanga, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka reli inayokwenda Mikumi. Nyumba zilipangwa mistari kama darasani. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao, na kengele ya kijiji, kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwenye mti, ilituita asubuhi kwenda shamba la pamoja. Sikulaani kuhama wakati ule na silaani leo. Nilipenda kuwa na majirani. Lakini kunde zetu, karanga zetu na kuku wengi tuliviacha kwenye mahame, mvua ya mwaka wa kwanza ikatuvunjia ahadi, na nyati na tembo wa mbugani wakala kile kidogo kilichoota. Tuliletewa unga wa njano. Tukaula kwa mlenda na chumvi, miezi na miezi, tukashukuru.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwaka na nusu. Mume wangu alipangiwa kulinda mahindi ya kijiji dhidi ya wanyama, akilala dunguni huko shambani na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Na Ijumaa zina mambo yake. Mwezi mmoja baada ya kuhamia nilijua kwamba nina mimba.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa kwetu, lazima nieleze neno moja, kwa sababu mambo yote yalifanyika chini ya kivuli chake. Neno lenyewe ni kubemenda. Mtoto anayenyonya, mama yake akishika mimba kabla hajakomaa, au baba akitembea nje kisha akarudi kumpakata, mtoto huyo amebemendwa. Ananyong'onyea, anakonda, anabaki kichwa na macho. Hakuna anayemlaumu mbu wala njaa. Wanaolaumiwa ni wazazi, na hasa mama, kwamba alishindwa kujizuia hata kwa ajili ya mwanawe. Nimewaona wanawake wakiimbwa kisimani kwa sababu ya neno hilo.

Kwa hiyo nilificha. Nilimwachisha ziwa mwanangu ghafla, kwa kujipaka shubiri, nikasema maziwa yamekauka kwa sababu ya kazi. Nilifunga kanga mbili. Na nilianza kuutazama uzi. Mtoto aliyebemendwa hukonda; uzi ukilegea, nimekwisha.

Uzi haukulegea. Mwezi wa tatu wa maisha yetu pale, mama mkwe aliingiza kidole chake kati ya uzi na tumbo la mjukuu wake na kidole hakikupita. Aliukata kwa wembe huku anatabasamu, akamfunga mwingine. Wiki tatu baadaye akaukata tena. Mashavu ya mtoto yalijaa, vifundo vya miguu vikapotea, na nyayo zake zikawa nene kama mikate. Wanawake walikuja kumtazama. Katika kijiji kilichokuwa kinakula unga wa njano kwa chumvi, mwanangu alikuwa ananenepa, na mimi nilitembea kichwa juu kama mke wa tajiri.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa na binti wa umri uleule. Yeye alikuwa mgeni kuliko sisi sote, hana mama mzazi wala mkwe karibu, na maziwa yake yalikuwa yamekauka kweli, si kwa shubiri. Alimwomba mama mkwe wangu amfungie binti yake uzi pia. Wiki ambayo uzi wa mwanangu ulikatwa mara ya pili, na wa binti yake ulibana. Tulicheka pamoja siku hiyo, tukasema hewa ya kijiji kipya imewakubali watoto. Nilimpenda mwanamke yule. Alikuwa na utani mkali na mkono mwepesi wa kutoa, na mimi ni mtu ambaye si rahisi kunipenda.

Sasa niseme jambo ambalo bado linanikera. Kijiji kilinichagua niwe msomaji wa darasa la afya. Jioni mbili kwa wiki tulikaa kwenye banda la ofisi, tukasikiliza redio, kisha mimi nikawasomea wenzangu kitabu: vyoo, maji ya kuchemsha, nzi. Kulikuwa na ukurasa wa methali, na niliwafundisha kwa sauti ya kialimu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Niliuliza nani anaweza kueleza maana yake. Jirani yangu ndiye aliyenyoosha mkono, akaeleza vizuri, na mimi nikamsifu.

Nilikuwa nimeshaona. Hilo ndilo la kusema bila kuzungukazunguka. Siku moja nilipokuwa namwogesha, nilimshika mguu ili asiteleze, na nilipoachia, kidole gumba changu kilikuwa kimeacha shimo kwenye mgongo wa mguu wake. Nilisubiri lijae. Halikujaa upesi, lilibaki pale kama alama ya kidole kwenye ugali uliopoa. Nikabonyeza mguu wa pili, ikawa vilevile. Nilimvuta mtoto kifuani nikamfunika miguu, ingawa tulikuwa wawili tu.

Sikuwa na jina la kitu kile. Kitabu changu kilikuwa hakijafika huko. Lakini mwili wangu ulijua kwamba nyama ya mtoto haifanyi hivyo. Na papo hapo, hata kabla sijamfuta maji, kichwa changu kilikuwa kimetengeneza hesabu yake: mtoto aliyebemendwa hukonda, huyu hakondi, basi hakubemendwa, na mimi sina kosa. Shimo la kidole halikuwamo katika hesabu hiyo, nikaliacha nje. Siku kumi na moja nililiacha nje.

Katika siku hizo vitu vilikuja kimoja kimoja, kwa adabu, kama wageni wasiotaka kusumbua. Nywele zake zilianza kuwa nyekundu na laini. Tukasema ni jua. Ngozi ya mapajani ikabanduka. Tukasema ni joto la mkojo, tukampaka mafuta. Aliacha kukimbia, kisha akaacha kutembea. Mama mkwe alisema watoto wanene ni wazito wa kusimama. Nilimgusa paji la uso kila saa, kwa sababu sisi tulijua hatari kwa joto. Mtoto akichemka, tunakimbia. Mwanangu hakuchemka. Alikuwa baridi, na kila siku baridi kidogo zaidi, na mimi kila nilipoondoa mkono nilisema alhamdulillahi, hana homa.

Jumanne nilikaa mlangoni nikichambua mboga. Nilikuwa nimemweka kwenye jamvi na tonge la ugali mkononi. Tulikuwa tumebakiwa na kuku mmoja, mtetea mwizi, mwenye jicho moja. Alimsogelea. Zamani kuku huyo akimkaribia, mwanangu alipiga kelele hadi balozi anasikia. Siku ile kuku alidonoa tonge mkononi mwake. Akadonoa tena. Akapanda kwenye jamvi, akalila tonge lote, akadonoa na vidole. Mtoto alimtazama. Hakukunja mkono wala hakulia. Alimtazama kuku kama mtu mzima anayetazama mvua kwa mbali, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mtoto huyu ananiaga.

Sikumwinua mara moja. Hofu ilinikalisha pale pale na mboga mapajani. Kisha nikainuka nikamwambia mama mkwe kwamba nampeleka hospitali Kilosa, sasa hivi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasokota uzi. Alisema nisubiri Ijumaa, mume wangu arudi. Alisema kuna dawa, lakini inabidi baba na mama wainywe pamoja, na mtoto akalie katikati. Hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua. Dawa ile ni ya kubemenda.

"Mama, nina mimba," nikasema.

"Najua tangu hatujaezeka nyumba," alisema, bila kuinua macho. "Nilidhani uzi utatufichia sote."

Mpaka leo sijui kama aliusogeza ule uzi kwa kutaka ubane, au kama yeye pia aliona mashimo ya vidole na kuyaacha nje ya hesabu yake. Mwanawe wa kiume ndiye baba wa mtoto. Aibu ingekuwa ya nyumba yake. Sikumuuliza. Nilimwambia tu kwamba Ijumaa ni mbali. Akatia mkono kwenye upindo wa kanga yake, akanipa tumbaku yake yote, kitu alichokipenda kuliko chakula, akasema huenda nikaihitaji kumwomba mtu njiani.

Jirani yangu nilikutana naye mwisho wa mstari wa nyumba, akitoka kisimani, binti yake mgongoni. Ndoo kichwani, na bado akasimama. Kanga niliyombebea mwanangu ilikuwa imechakaa, na uzito wake usio wa kawaida ulikuwa unaipasua. Alitua ndoo, akamteremsha binti yake, akafungua mbeleko yake mpya, nyekundu, akanifunga nayo mgongoni yeye mwenyewe. Binti alikaa chini vumbini. Niliiona miguu yake. Ilikuwa mizuri, imejaa, inang'aa, haina vifundo.

Akaniuliza mtoto ana nini.

Nilikuwa na muda wa kujibu. Sikuwa na haraka kiasi hicho. Ningeweza kuinama na kubonyeza. Lakini kusema "amevimba" ni kuulizwa kwa nini, na kwa nini ina jibu moja tu kisimani.

"Homa tu," nikasema.

Akasema Mungu amponye, akanihimiza nisicheleweshe, jua lisije likanikuta njiani.

Saa mbili za kwenda kwenye reli nilizitembea nikiongea naye. Nilimwimbia, nilimtukana, nilimwahidi yai. Kila baada ya hatua chache nilipeleka mkono nyuma kumfinya paja ili alie. Mara ya kwanza alilia kidogo. Baadaye alitoa pumzi tu. Karibu na reli nilimfinya kwa kucha, kwa nguvu, nikasikia kimya, na nikaanza kukimbia na mimba yangu tumboni.

Mafundi wa reli walikuwa pale na kiberenge chao, wanakaza misumari. Mnyapara wao alikuwa mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamtolea tumbaku. Hakuichukua. Alifungua mbeleko kidogo, akamtazama mtoto usoni, akawaambia watu wake waache kazi. Kiberenge kilitikisa njia nzima hadi Kilosa. Nilimpakata mtoto na sikio langu kinywani mwake, kwa sababu kwa kelele ile sikuwa na njia nyingine ya kujua kama bado yupo.

Nesi aliyetupokea hakuuliza habari za mimba wala za mume. Alibonyeza mgongo wa mguu kwa kidole gumba, kama nilivyobonyeza mimi, akahesabu kimoyomoyo. Akaniuliza ameanza lini kuvimba.

Nikamjibu kwamba ananenepa tangu mwezi wetu wa tatu kijijini.

"Huku si kunenepa, mama," akasema. "Haya ni maji. Ndani ya maji haya mtoto wako amekonda zamani."

Alisema mtoto akivimba miguu, akawa baridi, akakataa kula, akaacha kujali, hapo si pa kusubiri kesho. Alisema ni upungufu wa chakula cha kujenga mwili, maziwa, kunde, samaki, na kwamba huko vijijini kwetu lazima wapo wengine. Nikirudi niwaambie wenzangu. Aliposikia kwamba ninasoma darasa la afya alifurahi. Mimi niliinamisha kichwa.

Siku tatu za mwanzo sikulala wala kula. Walimpa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana kutwa. Siku ya nne alianza kukojoa, na akawa anakojoa kama mzee mzima, na maji yakatoka. Uso ukashuka. Vifundo vya miguu vikarudi. Mbavu zikatokea moja baada ya moja, hadi nikaogopa kumgusa. Uzi mweusi ulilegea, ukateremka nyongani, kisha siku moja nilipomwinua uliponyoka miguuni ukaanguka sakafuni. Nilichukua ule uzi nikaubusu mbele ya watu. Mwanangu alikuwa mifupa mitupu, na siku ile alimlilia mtoto wa kitanda cha jirani aliyemnyang'anya kikombe. Kilio kile kilikuwa kizuri kuliko adhana.

Siku hiyohiyo mnyapara wa reli alipita wodini. Alikuwa anakwenda upande wetu kesho yake na kazi ingempeleka mpaka kijijini. Akaniuliza kama nina salamu au ujumbe wowote.

Nilifikiri. Nataka ijulikane kwamba nilifikiri. Niliiona miguu ya yule binti vumbini, inang'aa. Niliona pia mnyapara amesimama mbele ya balozi na watu wote, akitangaza kwamba mtoto wa msomaji wa afya alivimba kwa njaa, na wanawake wakigeukiana, kwa sababu neno njaa lingedumu kinywani mwao muda wa kufika kisimani tu, kisha lingekuwa lile neno lingine. Nilijiambia nitarudi mwenyewe wiki ijayo nimweleze mwenzangu taratibu, tukiwa wawili.

"Waambie hajambo," nikasema.

Tulikaa wiki mbili zaidi, kwa sababu mtoto alipata kuhara. Nilirudi na mwanangu anayeweza kusimama, mwepesi mgongoni kama tita la majani makavu, na mbeleko nyekundu niliyoifua kwa sabuni ya hospitali na kuikunja mara nne.

Mama mkwe alitukuta njiani. Alimpokea mjukuu wake, akampapasa kiuno kitupu. Alinikalisha, akanipa maji, akasubiri ninywe yote, na nilipoona anasubiri nikajua kuna habari. Alisema binti wa mwenzangu hayupo. Amezikwa Jumapili iliyopita. Hakuchemka hata siku moja, alisema. Alilala tu.

Nilikwenda na mbeleko mkononi. Jirani yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta ambao upande wa pili ni wangu. Nilipompa, aliishika, akainusa, akanirudishia mapajani. Alisema nikae nayo, mtoto wa tumboni ataihitaji. Nilikuwa sijamwambia mtu kisimani, na sikuwa nimemwambia yeye, lakini naye alikuwa amejua siku zote, na hakuniimba.

Kisha akamtazama mwanangu, aliyekuwa amesimama mlangoni anatafuna kipande cha muhogo, mbavu nje. Machozi yakamtoka kwa ajili yake.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Wako kakonda hivyo. Wangu nashukuru, hakukonda. Alikufa na mwili wake wote."

Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka mingine kumi na tisa. Nilizaa watano zaidi, yeye hakujaliwa mwingine, na wangu wote aliwabeba. Niliendelea kusoma darasa la afya, na kuanzia mwezi ule niliwafundisha wanawake kubonyeza mgongo wa mguu na kuhesabu, na yeye alikaa mstari wa mbele, akabonyeza miguu ya watoto wa wenzake, hakuniuliza nilijifunza lini. Labda aliogopa jibu, au labda alilijua kama alivyojua la mimba. Amekwisha kufariki, na sikumwambia.

Siku ile kwenye mkeka nilikuwa na nafasi ya mwisho, na kinywa changu kilikuwa wazi. Nikamshika mkono, nikamwambia maneno tunayoambiana wote: kazi ya Mungu haina makosa.